Yatokanayo

Kikao kilifunguliwa saa nne na robo,
darasa la tatu B, Ujiji,
watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto,
jedwali la saba bado liko ubaoni, halijafutwa.
Mwandishi wa kikao ni mimi. Nilipewa kalamu mbili
na fomu yenye safu tatu:
Hoja. Jina la mtoa hoja. Majibu ya mtaalamu.

Ajenda ilikuwa moja: mahakama mpya,
ghorofa mbili, vyumba sita vya kusikilizia,
mahabusu ya wanaume, mahabusu ya wanawake,
pale mteremkoni Nyakageni, kwenye michikichi na korongo.
Mtaalamu wa mazingira, kijana mpole, viatu vina vumbi
(nilimpa alama kwa hilo: alipanda kwa miguu),
akasoma: Kelele, ndogo. Vumbi, dogo, la muda.
Maji ya mvua: athari ndogo, yatadhibitiwa.

Miaka yote mahakama ndiyo inayotuita majina.
Siku hiyo iliitwa yenyewe,
ikasimama mbele yetu bila wakili,
picha ya rangi iliyobandikwa ukutani kwa ugali,
na mbele ya geti nyasi
za kijani ambacho kwetu hakijawahi kuota.

Akainuka Bukuru Gwimo.
Kesi yake ya shamba ina miaka kumi na moja.
Kwenye jengo la zamani bati lilivuja, faili likalowa,
ushahidi ukabaki madoa ya buluu.
Akaambiwa aanze upya.
Shahidi wa kwanza marehemu. Wa pili hakumbuki.
"Jengeni," alisema. "Jengeni hata kesho.
Nisikilizwe mara moja mahali pakavu, kisha nife."
Tulipiga makofi.
Nikaandika: Anaunga mkono.

Kisha Nyabuzoya, mkamua mawese.
Hakusimama upesi; alitafuta kwanza wa kumpakata mjukuu.
"Mmekuja kupima mwezi gani?"
"Wa saba, mama."
"Mwezi wa saba hata kuku anavuka korongo halowi kidole.
Njooni wa nne.
Mwezi wa nne maji hayasomi kibao.
Yalibeba jiko langu, na madebe manne,
na mbuzi wa jirani, wakaonana na ziwa usiku huohuo.
Mkiyazibia njia yatahamia kwangu.
Nami nikitaka kuyashitaki
nitapanda kwenu huko juu, mlikoyatoa?"
Watu walicheka.
Kijana hakucheka. Aliandika kitu pembeni, kwa penseli.

Safu ya tatu ilikuja imeshachapwa,
mistari yote ishirini, kabla hatujafungua vinywa:
Maoni yamepokelewa na yatazingatiwa.

Wengine waliosema:
bodaboda, kuhusu kijiwe chao kitakaa upande gani wa geti;
mwalimu, kuhusu michikichi, nani analipwa, kwa mti au kwa mkungu;
na mtu mmoja nyuma, hakutaja jina,
aliuliza kama wale wa mahabusu wataona ziwa.
Hilo sikujua pa kuliweka.
Nililiandika chini kabisa, nje ya mstari.

Kwenye mahudhurio kidau cha wino kilikuwa kimekauka.
Nyabuzoya hakusubiri tutafute kingine.
Alibonyeza dole gumba lake kama lilivyokuwa,
na mawese ya alfajiri ile.
Doa la chungwa, mistari ya ngozi inahesabika.

Lakini mafuta hayakai yalipowekwa.
Kufika alasiri yalishapita karatasi ya mahudhurio,
yakaingia ukurasa wa arobaini, arobaini na moja,
yakatandaa taratibu mpaka kwenye maji ya mvua.
Niliinua karatasi dirishani.
Ilikuwa nyepesi kama kioo,
na neno *ndogo* lilisomeka pande zote mbili,
upande mmoja limegeuka.

Nimeiambatisha hivyohivyo.
Kikao kilifungwa saa saba na dakika kumi.
Hadi naandika haya, mvua haijaanza.